Kete moja, mbili, nne, nane... hadi shimo la 32: namba 4,294,967,295 na jirani zake

KeteYaKibokoni (mleta uzi)

Assalamu alaikum, hamjambo wote. Uzi wa wapenda hesabu huu. Asiyezipenda naye akae tu, baraza ni pana.

Hapa kwetu Kibokoni kuna mzee mmoja, mchezaji bao hodari. Akishakufunga hakucheki, hukutupia swali. La juzi lilikuwa hili: bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Shimo la kwanza tia kete moja. La pili tia mbili, la tatu nne, la nne nane, na kila shimo lichukue mara mbili ya lililolitangulia. Ukishalijaza la mwisho, bao zima lina kete ngapi?

Vijana wote simu mikononi. Mzee akasema kujumlisha ni kazi bure. Lifikirie shimo la 33, ambalo halipo, ujue lingeingia kete ngapi, kisha utoe moja. Na kweli: moja na mbili ni tatu, imepungua moja tu kufika nne. Tia nne, unapata saba, imepungua moja kufika nane. Inakwenda hivyo hivyo hadi mwisho. Shimo la 33 lingekuwa na 2^32, yaani mbili 32 zikizidishana, na hiyo ni 4,294,967,296. Basi bao letu lina 4,294,967,295. Kwa maneno: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na tano.

Bao tunalocheza lina kete 64. Kwa mtindo huu zitajaza mashimo sita (kete 63) na moja itakubakia mkononi. Nyingine zote utazitoa wapi, shauri yako. Tukikadiria kete moja gramu 2, mzigo wote ni tani 8,590 hivi, makontena zaidi ya 300 ya futi ishirini yakipakiwa tani 28 kila moja. Na ukitaka kuzihesabu, moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya miaka 136. Aliyeanza mwaka 1896, reli ya kwenda Uganda ilipoanza kutandikwa kutoka hapa Mombasa, hadi leo angali anahesabu.

Haya, ukubwa tuuweke kando, namba yoyote ukiiongezea sifuri inakuwa kubwa. Mimi nimenaswa na kilicho ndani ya hii. Ipasue mpaka isipasuke tena, unapata:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Basi, hakuna zaidi. Zote tano ni namba tasa, hakuna iliyojirudia. Tena ziangalie vizuri: 3 ni 2 na moja, 5 ni 4 na moja, 17 ni 16 na moja, 257 ni 256 na moja, 65,537 ni 65,536 na moja. Namba ya tarakimu kumi kuwa na matumbo yaliyopangika hivi si jambo la kila siku. Jaribuni kupasua namba yoyote mtakayoiokota njiani muone vipande vinavyotoka.

TukTuk_Nyali

Tani 8,590 za komwe! Na mvua hizi, zikimea zote je? Mji mzima utakuwa miba.

BintiMajengo

Kaka Kete, mimi niko kidato cha nne. Hiyo 5 naiona, namba inaishia na 5. Na 3 naiona: tarakimu zake ukizijumlisha zinatoka 57, na 57 inagawika kwa 3. Haigawiki kwa 9, ndiyo maana 3 haikujirudia. Ila 17, 257 na 65,537 umezitoa wapi? Si kompyuta hiyo?

KeteYaKibokoni

Hapana dadangu, karatasi na kalamu tu, na somo ulilolisoma kidato cha pili: tofauti ya vipeo viwili vya pili. a² − b² ni (a − b)(a + b). Sasa 2^32 ni kipeo cha pili cha 65,536, na 1 ni kipeo cha pili cha 1. Kwa hivyo:

4,294,967,295 = 65,535 × 65,537
65,535 = 255 × 257
255 = 15 × 17
15 = 3 × 5

Kila ukishuka, upande wa kushoto unapasuka tena kwa njia ile ile kwa sababu nao ni kipeo cha pili kilichopungua moja, na upande wa kulia unakuachia kipande. Inawezekana kwa kuwa 32 nayo ni mbili zilizozidishana, unaigawa nusu kwa nusu mpaka inafika moja. Bao lingekuwa na mashimo 30 usingeupata mteremko huu.

Kuhakikisha kwamba vipande vya kulia ni tasa ndiyo kazi. 257 ni rahisi, jaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13, zote zinakataa. 65,537 yataka subira: kuna namba tasa 54 chini ya 256, na uzijaribu zote.

FundiSimu_MwembeTayari

Hii namba mimi hukutana nayo kazini nyinyi mkidhani ni ya barazani. Mteja analeta flashi ya GB 32, anataka atiliwe filamu moja nzito. Nafasi ipo tele lakini filamu inakataa kuingia, aondoka akinung'unika ati nimemuuzia flashi mbovu. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32. Biti 32 ni mashimo yenu 32 ya bao: kila shimo ama limejaa kete zake ama ni tupu, hakuna nusu nusu. Yote yakijaa ndiyo 4,294,967,295. Faili ikizidi hapo hata kwa baiti moja, hakuna pa kuuandika ukubwa wake. Dawa ni kuipanga upya kwa exFAT.

Anwani za intaneti za mtindo wa zamani (IPv4) ni biti 32 pia. Ya juu kabisa ni 255.255.255.255, na ukiigeuza kuwa namba moja ni hiyo hiyo ya mzee. Tukianza na sifuri, zote ni 4,294,967,296. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, watu wakaanza kununua simu za intaneti kwa fujo, na Februari 2011 ghala kuu la dunia likagawa mafungu yake ya mwisho ya anwani hizo. Watu ni zaidi ya bilioni nane, anwani bilioni nne na kidogo. Ndiyo maana nyumba nzima leo mnachangia anwani moja, na ndiyo maana IPv6 ikaja na biti 128.

Na saa je? Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Zile za zamani zinatumia biti 32, lakini moja ni ya kuonyesha kama namba ni hasi au chanya, kwa hivyo zinabaki 31. Hizo zitajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Zinazotumia biti zote 32 kwa namba chanya zitafika 7 Februari 2106, saa tatu na dakika 28 na sekunde 15 asubuhi. Hapo atakayekuwepo atueleze.

MaalimHesabu_Tudor

Fundi ametaja 31, nami niongeze hapo hapo. Kete za mashimo 31 ya mwanzo ni 2,147,483,647, na shimo la 32 peke yake lina 2,147,483,648. Shimo moja la mwisho linayashinda yote yaliyotangulia kwa kete moja. Na ile 2,147,483,647 ni namba tasa. Leonhard Euler alithibitisha hivyo mwaka 1772, kwa mkono. Tazameni maajabu: mashimo 31 yanakupa namba isiyopasuka kabisa, ukiongeza shimo moja inatoka namba yenye vigawo 32.

Hiyo 32 ya vigawo inapatikana hivi: una vipande vitano, kila kimoja unakichukua au unakiacha, 2 × 2 × 2 × 2 × 2. Kwa hivyo namba iliyotoka kwenye mashimo 32 ina vigawo 32, ukihesabu 1 na yenyewe.

Kuna lingine nalipenda zaidi. Chukua namba zote kuanzia 1 hadi 4,294,967,295, utenge zile ambazo hazina kigawo cha pamoja nayo isipokuwa 1. Ni ngapi? Kanuni ni kutoa moja katika kila kipande kisha kuzidisha: 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536. Vipeo vyake ni 1, 2, 4, 8 na 16, jumla 31. Jibu ni 2^31, kete za shimo la mwisho kamili, si moja zaidi wala moja pungufu.

Mpita_Makupa

Nimejumlisha vigawo vyake vyote bila yenyewe: 3,009,636,033. Haifiki. Kwa hivyo si namba kamilifu, yaani ile ambayo vigawo vyake bila yenyewe vinajumlika kuwa yenyewe, kama 6 au 28.

BintiMajengo

Maalim, nina swali. 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja inatoka kwa kuchukua ile 2, 4, 16, 256... unaizidisha kwa yenyewe kisha unaongeza moja. Ijayo itakuwa 65,536 × 65,536 na moja, yaani 4,294,967,297. Ni jirani ya namba yetu, mbili mbele. Nayo si itakuwa tasa?

MaalimHesabu_Tudor

Mwanangu, swali hilo limemkwaza mtu mkubwa kuliko sisi sote humu. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyefanya hesabu kwa mapenzi tu, aliandika mwaka 1640 kwamba anaamini namba zote za mpangilio huo ni tasa. Alikiri kuwa uthibitisho hana. Aliziona tano za mwanzo ni tasa na akaamini ya sita nayo ni hivyo. Karibu karne nzima ikapita.

Mwaka 1732 Euler akasema: 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Zidisheni wenyewe. Baadaye Euler alieleza njia ya kufika 641 bila kupapasa. Alithibitisha kuwa kigawo chochote tasa cha namba hiyo, ukikigawa kwa 64, lazima kibaki 1. Orodha ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Toa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Mgao wa tano umeipata. Fermat angekuwa na kanuni hiyo, angemaliza kabla ya chai.

Na kuna uthibitisho usiotaka hata kugawa. Angalia 641 kwa macho mawili:

641 = 5 × 128 + 1
641 = 625 + 16

Sasa tunahesabu mabaki tu baada ya kugawa kwa 641. Kwa jicho la kwanza, 5 × 2^7 ni 640, baki yake ni sawa na −1. Pandisha kipeo cha nne: 5^4 × 2^28 inabaki 1, kwa kuwa hasi nne zikizidishana zinakuwa chanya. Kwa jicho la pili, 5^4 ni 625, yaani 641 kasoro 16, baki −16, na hiyo ni −2^4. Itie mahali pa 5^4: −2^4 × 2^28, yaani −2^32, inabaki 1. Basi 2^32 na moja inabaki sifuri. Imegawika.

KeteYaKibokoni

Huo uthibitisho nimeusoma nikausoma tena. Namba ya tarakimu kumi imeangushwa na mistari minne, na hakuna hata mgao mmoja mrefu.

Kwa hivyo tuna majirani watatu wamekaa ubavu kwa ubavu. 4,294,967,295 ina vipande vitano vilivyopangika. 4,294,967,296 haina chochote isipokuwa mbili tupu, 32. Na 4,294,967,297 ina 641 na 6,700,417, wageni wawili wasiofanana na yeyote. Mpangilio uliokuja vizuri tangu 3 umevunjika hapo hapo, hatua mbili kutoka bao la mzee. Je, ulirudi tena huko mbele?

MaalimHesabu_Tudor

Haujaonekana kurudi. Ya baada yake, 2^64 na moja, Landry aliipasua mwaka 1880: 274,177 × 67,280,421,310,721. Zilizofuata zimepasuliwa moja moja kwa jasho, na nyingine tunajua si tasa lakini hakuna aliyewahi kuona kigawo chake hata kimoja. Ya kwanza isiyo na jibu ni ile yenye kipeo 2^33, namba yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5. Namba tasa za Fermat zinazojulikana hadi leo ni zile zile tano, na zote tano zimo ndani ya bao la mashimo 32.

Msumari_Changamwe

Samahanini mimi ni seremala, niulize la kiseremala. Yote haya yanamsaidia nani? Hesabu ya flashi nimeielewa. Hizi za kupasua ndizo sijui faida yake.

MaalimHesabu_Tudor

Fundi, wewe ndiye nilikuwa nakungoja. Ukitaka kuchora umbo la pembe sita kwenye duara unafanyaje?

Msumari_Changamwe

Hiyo ni ya mwanafunzi wangu. Bikari uifungue nusu kipenyo, uitembeze kwenye duara, mara sita unarudi ulipoanzia. Pembe tano pia ninayo njia yake, nilifundishwa na ami yangu. Pembe saba ndiyo ilinitesa kwenye meza ya mteja mmoja. Haifungi kamwe. Nikapima kwa digrii na nikasawazisha kwa randa, hakuna aliyejua.

MaalimHesabu_Tudor

Na haitafunga, si mkono wako mbovu. Kwa rula isiyo na alama na bikari tu, pembe saba haichoreki kamili. Wala tisa.

Tarehe 30 Machi 1796, kijana wa miaka 18 aitwaye Carl Friedrich Gauss aligundua kuwa pembe 17 inachoreka. Tangu Wayunani wa kale hakuna aliyejua hilo. Kisha akaonyesha kanuni yenyewe: umbo lenye pembe sawa, zenye idadi witiri, linachoreka ikiwa idadi hiyo ni namba tasa ya Fermat au zao la namba tasa za Fermat zisizojirudia. Mwaka 1837 Pierre Wantzel akafunga mlango wa pili: isipokuwa hivyo, haichoreki. 7 si ya Fermat. 9 ni 3 mara mbili, imejirudia. Zote nje.

Sasa rudi kwenye bao. Namba tasa za Fermat tunazozijua ni tano na zao lake ni 4,294,967,295. Basi maumbo yote ya witiri yanayojulikana kuchoreka ni vigawo vya namba hiyo ukiacha 1. Ni 31: pembe 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257 na kuendelea, na kubwa kabisa lina pembe 4,294,967,295. Kuna Mjerumani, Johann Gustav Hermes, alitumia kama miaka kumi kuandika namna ya kuchora pembe 65,537. Maandishi yake yamehifadhiwa Göttingen. Umbo lenyewe ukilichora, jicho litaona duara tu.

Msumari_Changamwe

Miaka kumi kuchora duara! Lakini nimefurahi kujua ile pembe saba si mimi.

BahariaKilindini

Nami nitie langu. Ukiyaweka mabao mawili pamoja unapata mashimo 64, sawa na sataranji. Ile hadithi ya punje za nafaka kwenye sataranji ni hesabu hii hii, na al-Biruni aliikokotoa yapata mwaka 1000, kwa kuzidisha namba kwa yenyewe badala ya kujumlisha nyumba moja moja. Alipata 18,446,744,073,709,551,615. Kwa mteremko wa mleta uzi hiyo ni 4,294,967,295 × 4,294,967,297, kwa hivyo wale wageni 641 na 6,700,417 wamo ndani yake. Bao moja ni safi, mabao mawili yana uchafu.

TukTuk_Nyali

Kwa hiyo sataranji imeshindwa na bao. Nimeridhika, kwaherini.

MaalimHesabu_Tudor

Binti, usiondoke bado, hii ni yako. Andika pembetatu ya Pascal, ambayo al-Karaji na Omar Khayyam waliijua karne nyingi kabla ya Pascal: pembeni 1, na kila namba ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Kisha kila witiri andika 1, kila shufwa andika 0. Kila safu isome kama bao: kutoka kulia, 1 ni shimo lililojaa kete zake, 0 ni shimo tupu. Niambie unapata namba gani.

BintiMajengo

Nimefanya safu tisa:

1 → 1
11 → 3
101 → 5
1111 → 15
10001 → 17
110011 → 51
1010101 → 85
11111111 → 255
100000001 → 257

Maalim, si hivi ndivyo vigawo vya namba yetu? Tena vimejipanga vyenyewe!

MaalimHesabu_Tudor

Ndivyo, kwa mpangilio, hakuna kinachorukwa. Safu 32 za mwanzo ni vigawo vyote 32. Safu ya 32 ni moja tupu, bao zima limejaa, 4,294,967,295. Safu ya 33 ni 1, sifuri 31, kisha 1. Hiyo ni 4,294,967,297, ile ya 641.

BintiMajengo

Basi safu ya 34 ni 3 × 641 × 6,700,417?

MaalimHesabu_Tudor

Hasa. 12,884,901,891.